Waliobeba Injili hadi Luanza

Ukiuliza katika makanisa ya Lubumbashi ni nani walioleta Injili Katanga, utatajiwa Arnot, Crawford, Springer na Burton; kwa Wakatoliki utatajiwa Monsinyori de Hemptinne. Sina ugomvi na majina hayo. Kinachoniuma ni yale yasiyotajwa, kwa sababu hakuna hata mmoja wa hao aliyefika huku peke yake.

Frederick Stanley Arnot, Mskoti, aliingia Bunkeya tarehe 14 Februari 1886. Alitokea Benguela, pwani ya Angola, kwa njia ya misafara ipitayo Bihe, na mizigo yake ilibebwa na wapagazi. Mji alioukuta ulikuwa wa Mwami Msiri, mzaliwa wa Usumbwa, Tanzania ya leo, ambaye baba yake alizoea kuja huku kununua shaba. Msiri aliuza shaba, chumvi, pembe za ndovu na watu, na kwenye miti ya boma lake yalichomekwa mafuvu. Shaba ya nchi hii wenyeji walikuwa wakiiyeyusha na kuimimina katika umbo la msalaba. Misalaba hiyo ilikuwa fedha, na ilitolewa mahari, karne nyingi kabla mmisionari yeyote hajakanyaga hapa. Ndiyo ile mitatu iliyowekwa kwenye bendera ya Katanga mwaka 1960.

Arnot alikaa karibu miaka miwili kabla wamisionari wenzake Swan na Faulknor hawajamfikia mwishoni mwa 1887. Dan Crawford alikuja 1890, kijana ambaye hajatimiza hata miaka 20. Msiri aliwaweka karibu kwa faida yake: Crawford ndiye aliyemwandikia barua ya kumwita Mwingereza Alfred Sharpe, na barua hiyo ikanaswa njiani na msafara wa Kapteni Stairs, uliotumwa kuiteka nchi kwa niaba ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji. Tarehe 20 Desemba 1891 Msiri akapigwa risasi. Njaa ikashika Bunkeya. Wapagazi wa Stairs, wengi wao wakiwa wametoka Zanzibar, walikufa kwa wingi kwa njaa na maradhi, na mimi huwahesabu hao pia katika historia yetu.

Bunkeya ikatawanyika, na Crawford akahamia Luanza, juu ya genge linalotazama Ziwa Mweru. Watu wakamfuata: Wasanga, Waluba, watumwa waliotoroka, wajane, watoto wasio na kwao. Wakampa jina la Konga Vantu, mkusanya watu. Kambo wangu mzaa mama alilelewa pale. Alikuwa akisimulia jinsi mama yake alivyopanda genge lile kila asubuhi na mtungi kichwani, maji ya kukandia udongo wa matofali. Wanaume walifyatua na kuchoma, wanawake wakateka maji. Kila nikisoma kwamba Crawford alijenga Luanza, huuona mtungi ule.

Na kazi ya lugha je? Agano Jipya la Kiluba-Sanga lilitoka 1904, na Biblia nzima ikafuata. Crawford alikuwa hodari wa lugha na alikaa miaka 22 mfululizo bila kurudi Ulaya. Simnyimi sifa yake. Lakini Mskoti hujifunza Kisanga kwa Wasanga, kwa wazee wanaokaa naye jioni nyingi na kumrekebisha. Alifariki palepale Luanza mwaka 1926, baada ya jeraha dogo la mkono kuoza.

Mmoja aliyeokoka kusahauliwa ni Shalumbo. Alikuwa Msonge, mteka watu katika biashara ya utumwa, akakutana na Injili Angola, kisha akarudi kwao na wenzake kuihubiri. Alifanya kazi na William Burton, ambaye pamoja na James Salter alianzisha misioni ya Mwanza, Ubalubani, mwaka 1915. Burton alimwandikia kitabu kizima. Wengine waliokombolewa Angola na kurudi kwa miguu hawakuandikiwa.

Reli ilipofika Elisabethville, Lubumbashi ya leo, 1910, mambo yalibadilika upesi. Wabenediktini, shirika la de Hemptinne, walifika mwaka huohuo, Wasalesiani 1911, na Serikali ya Wabelgiji ikazipa ruzuku shule za Wakatoliki. Zile za Waprotestanti zilingoja hadi baada ya Vita Kuu ya Pili. Hata hivyo, pande zote mbili zilifanana katika hili: aliyefundisha kijijini siku kwa siku alikuwa katekista au mwalimu mweusi, na ripoti ikatiwa saini na mwingine.

Ndugu msomaji wa Katuba, Kenya au Ruashi hapa Lubumbashi, kama nyumbani kwako bado yupo kambo aliyetoka Luanza, Mwanza, Kapanga au Kafubu, kaa naye wiki hii ukiwa na daftari. Muulize nani alifundisha, nani alitafsiri, nani alijenga, na kila mmoja alitoka kijiji gani. Nakala moja ibaki kwenu, na nyingine umpelekee karani wa kanisa lako.