Saundikadi ya Mjomba

Mjomba alipofariki, kikao cha ukoo hakikubishana juu ya studio yake. Ilikuwa chumba kimoja hapa Mpapura, kuta zimezibwa kwa magunia ya korosho na trei za mayai ili kupunguza mwangwi. Kwa desturi ya zamani ya sisi Wamakonde, ukoo hufuata upande wa mama, na mali ya mjomba huelekea kwa watoto wa dada yake. "Mpwa wake huyu hapa," mzee mmoja akasema, na mambo yakaishia hapo. Nikakabidhiwa maikrofoni, spika mbili, saundikadi na diski ya nje. Laptopu ilikuwa imekufa kabla ya mwenyewe.

Kwenye diski kulikuwa na kitu nilichokitaka kuliko vyote: nyimbo za kutwanga, alizozirekodi kwa bibi na wanawake wenzake. Wengi wao sasa hawapo.

Kuzifungua kulihitaji programu ya muziki iliyokuja na saundikadi ilipokuwa mpya. Mjomba aliisajili kwa baruapepe yake. Baruapepe ilituma namba ya siri kwenye simu yake, na laini ile ilishafungwa. Nikawaandikia watengenezaji. Walijibu kwa adabu: kifaa ni chako, ila programu iliyokuja nacho ni ya aliyejisajili kwanza, wala haihamishiki. Nikawaeleza kwamba aliyejisajili yuko kaburini. Wakanitumia masharti ya matumizi.

Wiki hiyohiyo mama alifuatilia malipo ya korosho za mjomba. Tangu stakabadhi ghalani ianze Mtwara mwaka 2007, watu wa huku wamezoea mali kukaa ghalani huku wao wameshika karatasi. Chama cha msingi kilitaka muhtasari wa kikao cha ukoo wenye saini. Hela ikatoka.

Nasomea shahada ya uzamili ya historia, kwa hiyo hasira yangu iliishia maktaba. Nilitaka kujua ni lini muuzaji alianza kuuza kitu huku akibaki na kipande chake. Nilidhani nitaishia kwenye kompyuta. Nikajikuta kwenye gramafoni.

Mwanzoni mwa karne ya 20, kampuni ya Victor ya Marekani ilibandika tangazo kwenye kila gramafoni yake. Lilisema mnunuzi hajanunua mashine, amepewa leseni tu ya kuitumia. Aitumie na santuri na sindano za Victor peke yake. Umiliki ungebaki kwa kampuni mpaka hataza zake ziishe muda. Duka la Macy's la New York likazipata mashine hizo na kuziuza kwa bei ya chini, na Victor ikashtaki. Wenye duka hawakuwa wageni wa kesi hizi: mwaka 1908 walishinda nyingine, juu ya kitabu kilichochapwa onyo kwamba kisiuzwe chini ya dola moja, nao wakakiuza senti 89. Tarehe 9 Aprili 1917 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba tangazo la Victor ni uuzaji uliovishwa nguo ya leseni. Aliyelipa bei yote amenunua, na anaweza kuuza.

Alama ya mbwa anayesikiliza gramafoni, iliyokuwa kwenye bidhaa za Victor, ndiyo iliyokuwa pia kwenye santuri za HMV, kampuni iliyomrekodi Siti binti Saad kule Bombay mwaka 1928. Santuri yake ikifika mikononi mwako, ungeweza kuiazima, kuiuza au kumrithisha mpwa wako. Sindano haikuuliza jina lako.

Programu ziliufungua upya mlango ule. Mwaka 2010 mahakama moja ya rufaa ya Marekani, katika kesi ya AutoCAD, iliona kwamba mwenye nakala anaweza kuwa mpewa leseni tu, si mmiliki. Miaka miwili baadaye, Julai 2012, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilisema kinyume katika kesi ya Oracle na UsedSoft: leseni isiyo na kikomo iliyolipiwa ni mauzo, na inaweza kuuzwa tena, mradi muuzaji aifanye nakala yake isitumike. Sharti hilo mjomba alilitimiza bila kukusudia, laptopu ilipoungua.

Hukumu ya Ulaya haifiki Mpapura. Na hata ingefika, najua jibu: programu ile ilikuwa zawadi, haikuuzwa. Hapo ndipo ninapokataa. Boksi lenyewe, ambalo mjomba alilitunza, limeitangaza programu mbele kwa herufi kubwa. Alilipia vyote viwili kwa pesa ya msimu mmoja. Tofauti na mwaka 1917 ni kwamba Victor ililazimika kumtafuta hakimu. Hawa wana seva.

Sauti zenyewe hazikufungwa. Ndani ya diski niliyakuta mafaili ya wav, vipande 41 visivyo na mpangilio. Mpangilio ulibaki ndani ya programu. Nikapakua Audacity, ambayo ni ya bure, nikakaa na mama uani na spika za kaka yake. Nacheza kipande, anatikisa kichwa.

"Hapana mwanangu. Huyo ni bibi yako, na bibi yako hakuwahi kuanza. Alisubiri michi ishike kwanza."

Nikakisogeza mbele.