Jaji Anyamaze au Aseme?

Mwaka 1957 Mahakama ya Rufaa ya Uingereza iliamuru shauri la mjane wa mchimba makaa lisikilizwe upya. Mama huyo alikuwa ameidai fidia Bodi ya Taifa ya Makaa, akashindwa. Jaji hakuhongwa, wala nia yake haikutiliwa shaka. Alichokosea ni kuuliza maswali mengi mno, hata mawakili wakakosa nafasi ya kuzijenga hoja zao.

Ujerumani, kinyume chake, jaji hulaumiwa kwa kunyamaza. Kifungu cha 139 cha sheria yao ya mwenendo wa mashauri ya madai kinamtaka aulize, aoneshe pengo katika madai, na atahadharishe kuhusu hoja ambayo mhusika hakuiona au ameiona si muhimu. Hukumu ya kushtukiza ndiyo aibu yake.

Fiqhi ya Kiislamu, ambayo makadhi wa Mombasa na Zanzibar huitumia katika ndoa na mirathi, huanzia kwenye kikao chenyewe. Barua inayonasibishwa na Khalifa Umar kwa Abu Musa al-Ash'ari inamwagiza kadhi awasawazishe wadaawa hata katika kuwatazama, mnyonge asikate tamaa.

Hebu mfikirie mfanyabiashara wa Mombasa aliyeshtakiwa Hamburg. Moyoni tayari anahofia kesi ya nyani kupelekwa kwa ngedere. Jaji akimwelekeza mpinzani wake mbele ya macho yake, ataona upendeleo pale ambapo Mjerumani anaona wajibu.

Kanuni za mwenendo wa mashauri ya madai ya kimataifa, zilizotolewa na UNIDROIT, taasisi ya kimataifa ya kuoanisha sheria, pamoja na Taasisi ya Sheria ya Marekani mwaka 2004, zimelishika fundo lenyewe. Zinataka jaji awe na muda wa kutosha kazini, kwa kuwa anayehofia kitumbua chake kutiwa mchanga hawezi kuwa huru. Zinamruhusu kumwalika mhusika arekebishe hoja zake, mradi wahusika wapewe nafasi ya kujibu. Tena zinamkataza kupokea maneno ya upande mmoja kuhusu kesi wakati mwenzake hayupo, isipokuwa katika hali chache maalumu.

Hapo ndipo ninapoona mapokeo yote matatu yanakutana. Mgeni asipime haki kwa wingi wa maneno ya jaji. Aulize: alichoambiwa mwenzangu nimekisikia, na zamu yangu ya kujibu nimepewa?