Datsun 240Z: Jinsi ya kutambua gari halisi la enzi za Safari Rally

Kwa miaka mingi, wakati wa Pasaka, wakazi wa Runyenjes, Chuka na Chogoria walijipanga kando ya barabara ya zamani ya Embu hadi Meru kutazama magari ya Safari Rally yakipita. Kipande hicho cha mzunguko wa Mlima Kenya kilijaa kona kali na miteremko ya kuingia mabondeni mwa mito, na mvua ya masika iliponyesha udongo wake mwekundu uliteleza kama sabuni.

Miongoni mwa magari yaliyobaki katika kumbukumbu za watazamaji hao ni Datsun 240Z, gari dogo la michezo lenye rangi nyekundu na boneti nyeusi. Leo magari machache ya aina hiyo yaliyosalia nchini yanatafutwa sana na wapenzi wa magari ya kale. Pamoja nayo yamezuka madai mengi: kwamba hili lilishiriki Safari, au lile liliendeshwa na bingwa fulani.

Madai ya namna hiyo huongeza bei maradufu. Hivyo mnunuzi hana budi kujua namna ya kuyapima kabla ya kutoa fedha zake.

Ushindi wa 1971 na 1973

Mashindano ya Safari yalianza mwaka wa 1953 kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili wa Uingereza. Mwaka wa 1971 Edgar Herrmann na msoma ramani wake, Hans Schüller, walishinda wakiwa na Datsun 240Z. Wawili hao walikuwa wameshinda pia mwaka wa 1970, wakitumia Datsun 1600 SSS.

Mwaka wa 1973, Safari ilipoingizwa katika Mashindano ya Dunia, Shekhar Mehta na Lofty Drews walitwaa ubingwa kwa 240Z. Mehta alimaliza akiwa sare na Harry Källström aliyeendesha Datsun 1800 SSS, na akatangazwa mshindi kwa kuwa ndiye aliyekwenda mbali zaidi bila kupata adhabu.

Gari lililoshinda mwaka wa 1971 linajulikana liliko. Nissan inalihifadhi pamoja na magari yake mengine ya kale mjini Zama, Japan. Anayedai kuwa nalo humu nchini ama amedanganywa, ama anadanganya.

Hata hivyo, haifai kupuuza kila dai. Magari ya timu za viwanda yaliwahi kuuziwa madereva wa hapa. Volvo PV544 iliyompa Joginder Singh ushindi mwaka wa 1965 ilikuwa gari kuukuu, lililokwisha kutumiwa na timu ya kiwanda katika Safari ya mwaka uliotangulia. Pia watu binafsi walishiriki kwa magari waliyonunua wenyewe.

Nambari zinavyosema

Hatua ya kwanza ni nambari ya chesisi, iliyogongwa kwenye ukuta wa chuma unaotenganisha injini na chumba cha abiria. Gari la 240Z lenye usukani wa kulia, kama yalivyouzwa Kenya, huanza na HS30. Yale ya usukani wa kushoto huanza na HLS30.

Nambari ikianza na RS30, hilo ni 260Z, mtindo uliofuata kuanzia mwaka wa 1974. Wapo waliolivisha gari hilo nembo za 240Z ili kulipandisha thamani.

Hatua ya pili ni injini. 240Z ilitoka kiwandani na injini ya L24 yenye silinda sita na ukubwa wa sentimita za ujazo 2,393. Mafundi wengi wamewahi kuingiza L28 ya lita 2.8 kwa kuwa ina nguvu zaidi. Kwa upande mwingine, L24 peke yake haithibitishi lolote, maana ilitumika pia katika magari mengine ya Nissan.

Hatua ya tatu ni bodi. Magari ya mwanzo yalikuwa na matundu ya hewa kwenye mlango wa nyuma. Baadaye matundu hayo yalihamishiwa kwenye nguzo za pembeni, yakafunikwa kwa nembo ya duara yenye herufi Z. Bodi isiyolingana na mwaka ulioandikwa kwenye hati inahitaji maelezo.

Hati na mashahidi

Logbuku huonyesha nambari ya chesisi, nambari ya injini, rangi na mwaka wa kuundwa. Yote hayo yanapaswa kulinganishwa na gari lenyewe, kisha na rekodi za Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama (NTSA).

Umakini huu ni wa lazima kwa sababu Kenya hairuhusu kwa kawaida kuingiza magari yaliyotumika yenye umri wa zaidi ya miaka minane. Hati za gari la 1971 lililosajiliwa zamani zina thamani hata kama bodi yake imeliwa na kutu. Ndiyo maana kuna kishawishi cha kuhamishia hati hizo kwenye bodi nyingine.

Ushahidi wa wazee walioketi kando ya barabara ya Meru una thamani yake, lakini una mpaka. Aliyeona gari jekundu likipita Chuka anaweza kuthibitisha kwamba mashindano yalipita hapo. Hawezi kuthibitisha nambari ya chesisi. Picha ya wakati huo inayoonyesha nambari ya usajili na nambari ya mlangoni ni ushahidi mzito zaidi, endapo nambari ya usajili inalingana na ya kwenye logbuku.

Alama za kazi pia husema. Gari lililokimbia Safari huwa na viraka vya kulehemu, vyuma vya kuimarisha sehemu za chini na matundu ya taa za ziada. Mmiliki anayelikarabati asifute alama hizo kwa kutaka ling'ae. Rangi mpya hununuliwa dukani wakati wowote. Kovu la mwaka wa 1972 likishafutwa halirudi.

Gari lisilo na ushahidi wa kushiriki Safari bado laweza kuwa 240Z nzuri, na kuna heshima katika kulitengeneza kwa mfano wa magari ya mashindano, mradi mwenyewe aseme wazi kwamba ni mfano. Akificha, hati au chesisi itamuumbua, kwani njia ya mwongo ni fupi.