KAMERA NDOGO YA DIJITALI: USIDANGANYWE NA MEGAPIKSELI

Mpunga ukishauzwa, kuna vijana wanaopiga hesabu ya kununua kamera ya mtumba ili waanze kazi ya picha: harusi, kipaimara, mahafali, pasipoti. Muuzaji anakutajia megapikseli 12 au 16, nawe unatoa hela. Hapo ndipo watu wanapopigwa. Leo tuchambue kamera moja, Canon PowerShot A1200 iliyotoka mwaka 2011, halafu kipimo hichohicho ukitumie kwa kamera yoyote ndogo.

MEGAPIKSELI
A1200 ina megapikseli 12.1, yaani picha yake kubwa kabisa ina nukta 4000 kwa 3000. Picha ya albamu ya inchi 4 kwa 6, ukiisafisha kwa nukta 300 kila inchi, inahitaji nukta 1200 kwa 1800. Hizo ni megapikseli 2 na kidogo tu! Ukubwa wa A4 unataka kama 8.7. Kwa hiyo 12 zinatosha na chenji inabaki. Mwenye 16 hajakuzidi kitu kama sensa ni ya saizi ileile.

SENSA
Hiki ndicho kipande kinachopokea mwanga, badala ya filamu ya zamani. Sensa ya A1200 ina upana wa kama milimita 6, wakati picha moja ya filamu ya kawaida ilikuwa na milimita 36. Nukta nyingi zikibanana kwenye kieneo kidogo, kila moja inapata mwanga kiduchu. Mchana huoni tatizo. Usiku ukumbini kamera inapandisha ISO ili ione, na hapo chenga zinaanza. A1200 inatoka ISO 80 hadi 1600. Kwa sensa ndogo kama hii, 80 hadi 200 picha ni safi, 400 unavumilia, 1600 achana nayo.

LENZI
Inavuta mara 4. Ukiwa hujavuta, tundu la lenzi linafunguka hadi f/2.8, ukivuta mpaka mwisho linabaki f/5.9. Maana yake mwanga unaoingia unapungua zaidi ya mara nne, na lenzi yake haina kitulizi cha mtikisiko wa mkono. Kwa hiyo ndani ya ukumbi usivute, sogea karibu kwa miguu. Ile zumu ya dijitali usiihesabu kabisa, inakata picha na kuikuza tu.

BETRI
Hapa A1200 inatufaa sana. Inatumia betri mbili za AA, zile za saa ya ukutani, kwa hiyo umeme ukikatika kazi haisimami. Ila usiweke zile za bei poa za redio. Kamera inavuta umeme mwingi kwa mkupuo, hasa ukiwasha flashi, nazo zinazimika mapema sana. Nunua zilizoandikwa alkaline, au za kuchaji zilizoandikwa NiMH. Kamera ikikaa muda mrefu bila kazi, toa betri, zisije zikavuja ndani.

JUA NA SURA ZA WATU
Jua la mchana kioo cha nyuma hakionekani vizuri. A1200 ina tundu la kuchungulia, jambo ambalo kamera nyingi ndogo hazina. Pia kamera hupima mwanga wa eneo zima. Mtu mweusi akisimama mbele ya anga jeupe, au bibi harusi akivaa gauni jeupe, sura inatoka giza. Tafuta alama ya +/- upandishe mpaka +1, au washa flashi mchana kweupe. Mteja analipia sura, si anga!

JARIBU KABLA HUJALIPA
1. Nenda na betri zako na kadi yako ya SD.
2. Washa na uzime mara tano. Lenzi itoke na kurudi bila kukwama wala kukwaruza.
3. Piga picha ukurasa wa gazeti ulioubandika ukutani. Maandishi ya pembe zote nne yasomeke.
4. Piga karatasi nyeupe. Doa jeusi likibaki palepale kila picha, kuna uchafu ndani.
5. Piga flashi mara tatu mfululizo, uone inachukua muda gani kujichaji.
6. Piga sura ya mtu ndani ya chumba kwa ISO 80, 400 na 1600.
7. Fungua picha kwenye kompyuta ya kafe, zikuze mpaka asilimia 100, tazama macho na nywele. Kioo kidogo cha kamera huficha makosa. Kuna kamera feki zinazoongeza nukta kwa programu tu: faili ni kubwa lakini picha imejaa ukungu.

SIMU AU KAMERA?
Tuseme ukweli. Simu nzuri ya miaka hii inaunganisha picha kadhaa kuwa moja, kwa hiyo gizani inaweza kuizidi A1200 kwa mbali. Kamera inabaki na flashi yenye nguvu, zumu ya lenzi na betri unazobadilisha papo hapo. Kama simu yako inapiga vizuri, hela ya mpunga inunulie printa ya picha kwanza. Kama simu yako ni ya kawaida na kazi zako nyingi ni za mchana, A1200 nzima kwa bei ya mtumba inalipa.

Harusi hairudiwi, mdau. Wakikupa picha giza hawakuiti tena, na kijiji kizima kinajua. Jaribu kwanza, lipa baadaye. Mwenye swali au mwenye uzoefu na kamera nyingine aandike hapo chini, tusaidiane.