Nani ana ruhusa ya kupiga hodi mahakamani?

Barabara ya lami kati ya Tunduma na Sumbawanga ilijengwa kwa vipande vitatu: Tunduma hadi Ikana, Ikana hadi Laela, na Laela hadi Sumbawanga. Kipande cha mwisho ndicho kirefu kuliko vyote, kilometa 95 na ushei. Mkulima wa Laela mwenye kesi ya shamba huipima barabara hiyo kwa nauli, kwa sababu Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya liko Sumbawanga mjini, makao makuu ya mkoa wa Rukwa. Kesi ikiahirishwa, nauli nyingine. Ikiahirishwa tena, gunia la mahindi limeshakwenda.

Mashirika ya kutetea haki za binadamu tumezoea kuyaona kama mambo ya Dar es Salaam: semina, fulana, bango la mfadhili na chai ya saa nne. Sikatai kwamba hayo yapo. Lakini mtu akifuata historia yao kwa miaka sitini hivi, atakuta yamekuwa yakigombania jambo moja la kawaida kabisa: nani anaruhusiwa kupiga hodi mahakamani, kwa lugha gani, na akiwa na karatasi gani mkononi.

Enzi za Mwingereza, mtu wa Ufipa, Rukwa ya leo, aliyedhulumiwa alikwenda kwenye mahakama ya wenyeji. Sheria ya 1929 iliziondoa mahakama hizo mikononi mwa Mahakama Kuu na kuziweka chini ya watawala. Rufaa ilipanda kwa Bwana DC, ikaenda kwa mkuu wa jimbo, na mwisho kwa gavana. Aliyetoza kodi ndiye aliyesikiliza malalamiko ya kodi. Utaratibu huo ulilegezwa miaka ya 1950, ukavunjwa kabisa baada ya uhuru: Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya 1963, iliyoanza kazi mwaka uliofuata, ilileta Mahakama ya Mwanzo tunayoijua leo. Kiswahili kikawa lugha yake. Mawakili, kwa miongo mingi, hawakuruhusiwa kusimama humo. Hoja ilikuwa kwamba mwananchi ajisemee mwenyewe bila kuzidiwa ujanja na mwenye fedha za kukodi wakili. Ni hoja nzuri, ila ilidhani kila mwananchi anajua aseme nini.

Januari 1961, miezi kumi na moja kabla ya Tanganyika kupata uhuru, wanasheria kutoka nchi nyingi za Afrika walikutana Lagos kwa mwaliko wa Tume ya Kimataifa ya Wanasheria, shirika lisilo la kiserikali lililoanzishwa Berlin mwaka 1952. Walitaka Afrika iwe na mkataba wake wa haki za binadamu na mahakama ambayo mtu yeyote angeweza kuiendea. Mwaka huohuo, London, wakili Peter Benenson alianzisha Amnesty International. Sisi tulikuwa na hesabu nyingine. Viongozi wa TANU waliona orodha ya haki ndani ya Katiba ingewapa majaji, wengi wao Waingereza, nafasi ya kuzuia mageuzi, na ikakataliwa. Mwaka 1962 ikaja Sheria ya Kuweka Watu Kizuizini. Badala ya haki za kikatiba tukapewa Tume ya Kudumu ya Uchunguzi, iliyoanza 1966, ya kupokea malalamiko ya wananchi dhidi ya watumishi. Tume ilisikiliza watu wengi, lakini taarifa yake ilikwenda kwa Rais, naye ndiye aliyeamua la kufanya.

Mlango wa kwanza wa kiraia ulifunguliwa Mlimani. Mwaka 1967 Kitivo cha Sheria cha Chuo Kikuu, Dar es Salaam, kiliunda Kamati ya Msaada wa Kisheria, ambamo wahadhiri na wanafunzi waliwasaidia watu wasio na uwezo wa kumlipa wakili. Ilikuwa kazi ndogo, ya mji mmoja. Hata hivyo, kimawazo, msaidizi wa kisheria wa kijijini leo ni mjukuu wa kamati ile.

Mwaka 1984 Katiba ilirekebishwa, haki za msingi zikaingia, lakini utekelezaji ukasogezwa mbele miaka mitatu ili serikali ijiweke sawa. Zilipoanza kutumika mwaka 1988 ilionekana kwamba shida ya sheria haikuwa ya wanasiasa peke yao. Mwaka 1990 Jaji James Mwalusanya wa Mahakama Kuu Mwanza aliamua rufaa iliyoanzia Mahakama ya Mwanzo huko Kagera. Mama mmoja wa Kihaya aliuza shamba alilorithi kwa baba yake, ndugu wa ukoo wakamshitaki kwamba mwanamke hana ruhusa ya kuuza ardhi ya ukoo. Jaji alisema mila inayombagua mwanamke haiwezi kusimama mbele ya Katiba. Kwa wanasheria wa kike waliokuwa wakijikusanya wakati huo, hukumu hiyo ilikuwa silaha. TAMWA ya waandishi wa habari wanawake ilikuwapo tangu 1987. Ndani ya SUWATA, shirika la uchumi la wanawake, kulianza mwaka 1989 kitengo cha msaada wa kisheria kilichokuja kuwa WLAC. TAWLA ya wanasheria wanawake ikafuata, kisha HAKIARDHI ya Profesa Issa Shivji mwaka 1994, na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu mwaka 1995, ambacho Helen Kijo-Bisimba alikiongoza hadi jina lake likawa kama jina la pili la kituo.

Oktoba 1994, katika kesi ya Mchungaji Christopher Mtikila, Jaji Kahwa Lugakingira wa Mahakama Kuu aliuacha mlango wazi. Alisoma ibara ya 26 ya Katiba na kukubali kwamba mtu yeyote anaweza kwenda mahakamani kuitetea Katiba, hata kama jambo halikumgusa yeye binafsi. Jaji alifahamu kwamba mtu maskini aliyekandamizwa mara nyingi ndiye wa mwisho kufika mahakamani. Acha basi mwingine amsemee.

Serikali nayo haikulala. Baraza la Wanawake Tanzania, BAWATA, lililoongozwa na Anna Tibaijuka, lilisajiliwa 1995 na kupata matawi haraka kuliko ilivyotarajiwa. Mwaka uliofuata lilisimamishwa, likituhumiwa kufanya siasa, na 1997 usajili wake ukafutwa. Wanawake hao walikwenda Mahakama Kuu wakadai haki yao. Waliipata mwaka 2009. Nani alikuwa bado anakumbuka matawi yalikuwa wapi? Mashirika yaliyobaki yalijifunza, na sitayalaumu: uchaguzi ukikaribia, mengi yalichagua maneno yake kwa uangalifu. Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya 2002, kanuni za 2018 zilizodai mikataba ya fedha inayozidi shilingi milioni 20 ipelekwe kwa msajili, na marekebisho ya 2019, vyote vinasomeka vizuri zaidi mtu akiwa na BAWATA kichwani.

Mikoani, kazi ilikuwa na sura nyingine. Chukua mjane yeyote wa uwanda wa Ufipa ambaye mume ameacha nyumba ya matofali ya kuchoma, ekari kadhaa za mahindi na ulezi, maksai wawili na plau. Ili asimamie mirathi, anatakiwa kwanza apate muhtasari wa kikao cha ukoo unaompendekeza. Muhtasari wenyewe huandikwa kwa kalamu kwenye karatasi ya kaunta buku, majina na sahihi zimepangwa chini, na asiyejua kuandika anaweka dole gumba. Kisha barua ya mtendaji wa kijiji yenye muhuri. Kisha cheti cha kifo cha RITA, wakala wa serikali wa usajili. Ndipo Mahakama ya Mwanzo inafungua shauri, inabandika tangazo, na asipotokea wa kupinga inatoa hati ya usimamizi. Ndani ya miezi minne msimamizi arudishe orodha ya mali na hesabu ya mgawanyo. Kila karatasi inamtegemea mtu anayeweza kukataa, na wa kwanza kukataa ni shemeji mwenye macho kwenye maksai. Bila mtu wa kumwambia mama kwamba kikao cha ukoo ni cha kupendekeza tu na hakimu ndiye anayeteua, kesi inakufa kabla haijazaliwa.

Mtu huyo ndiye msaidizi wa kisheria. Mafunzo yao yalianza miaka ya 1990 kupitia mashirika mbalimbali, na tangu 2011 mfuko wa Legal Services Facility, ulioanzishwa kwa fedha za Denmark, ukalenga kuwafikisha kila wilaya. Wengi ni walimu wastaafu, wakulima, wanawake wa vikundi vya kanisani. Mradi unapokwisha posho inakwisha, watu wanaendelea kubisha mlangoni kwao saa moja ya jioni. Sheria ya Msaada wa Kisheria, Na. 1 ya 2017, iliwatambua hatimaye: waelimishe, waelekeze, wasuluhishe, lakini wasisimame mahakamani kama mawakili wala kumtoza mtu fedha. Wametambuliwa, ila mshahara haukutajwa.

Kwamba msaidizi peke yake hatoshi, wajane wawili wa Shinyanga walithibitisha. Wakwe waliwaondoa kwenye nyumba za waume zao kwa kutumia sheria ya mila iliyotangazwa serikalini mwaka 1963. Wakisaidiwa na WLAC walikwenda Mahakama Kuu, ambayo mwaka 2006 ilikiri kwamba ubaguzi upo lakini ikakataa kuifuta mila kwa kalamu ya majaji. Mahakama ya Rufani ikatupa rufaa yao mwaka 2010 kwa kasoro ya kiutaratibu. Wakaenda Umoja wa Mataifa, na mwaka 2015 kamati inayosimamia mkataba wa haki za wanawake ikawapa haki. Wanajulikana kwa herufi tu, E.S. na S.C. Safari yao kutoka kikao cha ukoo hadi Geneva ilichukua zaidi ya miaka kumi.

Mwaka 2021 mambo mawili yalitokea karibu kwa pamoja. Kiswahili kilifanywa lugha ya mahakama zote, hatua ambayo Mahakama ya Mwanzo iliishi nayo tangu mwanzo. Na mabaraza ya kata yaliondolewa mamlaka ya kuamua migogoro ya ardhi, yakabakishiwa usuluhishi wa siku 30. Mabaraza hayo yalikuwa na madudu yake, kila mtu wa vijijini anaweza kutaja. Hata hivyo, kwa mtu wa Laela, mlango wa karibu ulifungwa na wa kilometa 95 ukabaki wazi.

Nao mkoa wa Rukwa una habari yake katika mlango mkubwa zaidi. Februari 2013, katika Wilaya ya Sumbawanga, mtoto wa shule mwenye ualbino alivamiwa akirudi nyumbani, wakamkata mkono. Machi 2015 mtoto mwingine katika mkoa huohuo alikatwa wake. Chama cha Albino Tanzania, cha tangu 1978, na shirika la Under The Same Sun walikuwa wakipiga kelele kwa miaka, huku kesi chache zikifika mwisho. Mwaka 2018 Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, pamoja na kituo cha haki za binadamu cha Chuo Kikuu cha Pretoria na taasisi nyingine ya Kiafrika, waliifungulia Tanzania kesi katika Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, Arusha. Mahakama ile ndiyo wanasheria waliyoiota kule Lagos mwaka 1961.

Iliwezekana kwa sababu Machi 2010 Tanzania ilitia saini tamko la kuruhusu watu binafsi na mashirika kwenda huko moja kwa moja. Juni 2013 Mtikila, Chama cha Wanasheria Tanganyika na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu waliishinda serikali hukohuko katika kesi ya mgombea binafsi. Novemba 2019 tamko likaondolewa, na uondoaji ukaanza kutumika mwaka mmoja baadaye. Mwaka huohuo wa 2020 Bunge likarekebisha sheria ya kutekeleza haki za msingi: anayekwenda mahakamani aonyeshe kwa kiapo jinsi jambo lilivyomgusa yeye binafsi. Mlango wa Lugakingira, kwa kiasi kikubwa, ukarudishiwa komeo.

Faili la 2018 lilikuwa limekwisha kuingia, hivyo likaendelea. Februari 2025 Mahakama ya Afrika ilitamka kwamba Tanzania ilivunja haki za watu wenye ualbino, ikiwamo haki ya kuishi. Shirika litakalotaka kufungua kesi ya namna hiyo leo kwa ajili ya mtoto wa Rukwa haliwezi kwenda Arusha moja kwa moja. Litaanzia Banjul, Gambia, kwenye Tume ya Afrika, na kusubiri Tume iamue kama itaipeleka.