Injinia mpya: saiti, kiwandani au chuoni?

Wadau, kila mwaka mwishoni, majoho yakisharudishwa na picha za mahafali zikishasambazwa, maswali huanza: "Nimemaliza uhandisi, sasa niende wapi? Nitafute kazi au nibaki chuo?" Basi nimeona niyaweke haya mahali pamoja, mtu ayasome na kuyahifadhi. Nazungumzia Tanzania zaidi, Kenya nitaigusa kidogo.

Wengi wanaliuliza swali hili kama vile ni njia panda, kwamba ukikosea unageuza gari na kurudi. Kwa kweli ni milango miwili na kila mmoja unajifunga kwa namna yake. Wa chuoni unafungwa na GPA, na unafungwa siku ile ile matokeo ya mwisho yanapotoka. Wa kazini unafungwa polepole, na mwenyewe hata hujui kama unafungwa.

Tuanze na huo wa kazini. Ukimaliza miaka yako 4 pale UDSM, DIT, MUST au kwingineko, kisheria bado hujawa injinia, hata kama mama mdogo ameshakutangaza mtaa mzima. Sheria ya Usajili wa Wahandisi, Na. 15 ya mwaka 1997, ndiyo iliyoweka Bodi ya Usajili wa Wahandisi, ile tunayoiita ERB, na asiyesajiliwa haruhusiwi kufanya kazi ya uhandisi wala kujiita mhandisi. Mwenye digrii anaanza kwa kusajiliwa kama mhandisi mhitimu. Kisha anahitaji uzoefu wa miaka isiyopungua 3 chini ya mhandisi aliyesajiliwa kamili, anaandika ripoti za alichokifanya, na mwisho bodi inamhoji. Akipita ndo anakuwa mhandisi mtaalamu, mwenye namba na muhuri wake. Siku ya Wahandisi wale wapya wanaapishwa hadharani, na ukishamwona mzazi aliyekuja kutoka mkoani kushuhudia kiapo kile unaelewa kwa nini watu wanang'ang'ania hilo "Eng." mbele ya jina.

Sasa mtego uko wapi? Kijana anapata kazi kwa kontrakta mdogo, mshahara unaingia (au hauingii, si unajua), miezi inakatika. Hajajisajili kama mhitimu, na bosi wake ni mfanyabiashara, si mhandisi. Mwaka wa 4 inatokea zabuni nzuri, nyaraka zinadai mhandisi mwenye cheti cha ERB. Jamaa kajenga shule na zahanati, zege analijua kwa kunusa, lakini karatasi inayosema nani alimsimamia haipo. Kuanza kumtafuta leo mtu wa kukusainia kazi ya mwaka juzi ni shughuli pevu, na mhandisi anayejiheshimu hawezi kusaini kitu ambacho hakukiona.

Kwa hiyo ukienda kwenye usaili wa kazi yako ya kwanza, pamoja na kuuliza mshahara, uliza: hapa kuna mhandisi mtaalamu atakayenisimamia? Kama hayupo, bado unaweza kuichukua kazi, manake njaa haina adabu, lakini ujue kwamba saa yako ya miaka 3 haijaanza kuhesabu. Hali kadhalika ukichukuliwa na kampuni ya simu ukauze vifurushi, au benki ukakae kaunta. Ni kazi halali kabisa, ila si uhandisi.

Kwa asiyepata kazi kuna SEAP, mpango wa ERB ulioanza mwaka 2003, unaowapeleka wahitimu kwenye miradi, viwanda na ofisi za ushauri kwa miaka 3 hiyo hiyo wakiwa na msimamizi. Kinachotolewa ni posho, usitegemee mshahara wa kujengea. Nafasi zinategemea fedha zilizopo, za serikali na za wafadhili. Ubalozi wa Norwei kwa mfano uliwahi kufadhili wahandisi wasichana, na wengi wao leo wana mihuri yao.

Mwaka wa kwanza wenyewe ukoje? Saiti utaanza na vitu vidogo: kuhesabu magari ya zege, kupima ulaini wake kabla halijamwagwa, kuhakikisha kyubu zinatengenezwa na kupelekwa maabara zikavunjwe siku ya 7 na ya 28, kusoma levo, kulinganisha nondo zilizofungwa na zilizochorwa. Kiwandani, tuseme cha saruji au cha bia, utaingia shifti na mafundi, na utaitwa saa 8 usiku kwa sababu mkanda umekatika. Kwenye ofisi ya ushauri utachora na kurekebisha michoro mpaka macho yaume. Huku kote mwalimu wako wa kweli ni foremani au fundi wa miaka 20. Kijana anayeingia na GPA yake mkononi akaanza kumwamrisha mzee wa namna hiyo atajifunza kwa tabu sana.

Kuna ushauri ninaousikia mara nyingi na siukubali wote: "Kimbilia mradi mkubwa." Ni kweli reli ya SGR, iliyoanza kujengwa 2017, na bwawa la Julius Nyerere la megawati 2,115, lililoanza kutoa umeme Februari 2024, yamewapa vijana wengi kazi na jina zuri kwenye CV. Lakini mradi mkubwa unaweza kukuweka kwenye kitu kimoja, tuseme kukagua boliti, kwa miezi 18. Kwa kontrakta wa kati utapima, utaagiza, utagombana na mwenye lori la mchanga, utaandaa hati ya malipo na kumweleza mteja kwa nini mvua imechelewesha kazi. Mbele ya bodi unaulizwa ulifanya nini wewe mwenyewe, na wa boliti ana kidogo cha kusema.

Haya, tugeukie chuoni. Ngazi ya chini kabisa ni mkufunzi msaidizi, wanamwita TA. Kigezo kilichowekwa kwa vyuo vyetu ni GPA isiyopungua 3.8 kati ya 5 kwenye shahada ya kwanza, na kupanda kuwa mhadhiri msaidizi unahitaji shahada ya uzamili yenye 4.0. Uhadhiri kamili ni PhD, na kutoka hapo kwenda mbele ni machapisho. Angalia vizuri: daraja la pili la juu linaanzia 3.5. Maana yake kuna watu wenye "upper second" safi kabisa, wa 3.6 na 3.7, ambao mlango huu haukufunguka kwao. Na 3.8 haikusanywi mwaka wa nne peke yake. Aliyechezea hesabu za mwaka wa kwanza analipa mwishoni. Hata ukienda kazini ukawa gwiji kwa miaka 10, ile namba haibadiliki.

Zamani idara ilimwona kijana hodari ikamvuta. Siku hizi nafasi za vyuo vya umma zinatangazwa kupitia Sekretarieti ya Ajira, unaomba kwenye mtandao na kufanya usaili kama wengine. Na serikali ikifunga ajira, kama ilivyofanya 2016 wakati wa kuhakiki watumishi hewa na vyeti, unaweza kukaa na 4.2 yako mezani bila pa kuipeleka.

Maisha ya TA ni kusimamia maabara, semina, kusahihisha mitihani, huku ukitafuta ufadhili wa uzamili. PhD kwenye makaratasi ni miaka 3, waulize walioipita. Hatari yake ni kufika miaka 32 unafundisha usanifu wa madaraja na hujawahi kusimama chini ya daraja linalojengwa. Wanafunzi wanagundua mapema sana. Wanaojua dawa wanashikamana na kazi za ushauri: pale UDSM kuna BICO, kitengo kinachofanya kazi za kitaalamu kwa wateja wa nje. TA anayembebea mhadhiri vifaa kwenda kupima udongo au kukagua jengo lililopasuka anapata uzoefu, na anaweza kuutumia kudai usajili wake.

Kati ya milango hii ipo sehemu ambayo watu wanaisahau: taasisi za utafiti wa viwanda. TIRDO iko Dar, TEMDO na CAMARTEC ziko Arusha. CAMARTEC imefanya kazi nyingi za biogesi na zana za kilimo, TEMDO imekuwa ikibuni vifaa vya hospitali kama vitanda na matanuru ya kuchomea taka. Ukipenda kubuni na pia kushika chuma, ziangalie. Nafasi ni chache, na bajeti zake si za kujivunia, hilo niseme wazi. Anayetaka uzamili wa kitafiti ana Nelson Mandela pale Arusha, chuo kisichochukua wa shahada ya kwanza kabisa.

Mkopo nao unaingia kwenye hesabu. Aliyesomeshwa na Bodi ya Mikopo akiajiriwa anakatwa asilimia 15 ya mshahara, kiwango kilichopanda kutoka 8 mwaka 2016. Mshahara wa kwanza utakaoambiwa sio utakaoushika.

Kwa wenzetu wa Kenya mfumo unafanana: bodi yao, EBK, ipo chini ya sheria ya 2011, na mhitimu naye anaanza kama mhandisi mhitimu kabla ya kufikia usajili kamili. Huko kuliwahi kuwa na mvutano mkubwa, wahitimu wa baadhi ya vyuo wakakataliwa kusajiliwa kwa sababu kozi zao hazikutambuliwa na bodi. Mwenye mdogo wake anayejaza fomu za chuo, nchi yoyote ile, aulize hilo kabla ya ada.

Na ninyi mlio bado chuo: zile PT za wiki 8 msiende kupiga picha na kofia ngumu. Logibuku mnayojaza kwa kunakili ya mwenzako ndiyo hiyo hiyo mtakayotakiwa kujaza kwa miaka 3 ERB, safari hii mbele ya watu wanaojua zege likoje.