Karatasi yenye hatusomake: Morris, Swartz na rezo ya chuo

Bandugu, mambo ya leo inaanza na karatasi. Ukifika iniversite, siku za kwanza, wanakupa karatasi ya masharti: namna ya kutumia ordinatere na rezo ya chuo. Unaweka sainye, unaitia ndani ya farde, kwisha. Nani aliisoma? Mimi sikuisoma. Kumbe karatasi ile ina historia, na vijana wawili wa Marekani waliilipia bei mbili tofauti sana.

Wa kwanza ni Robert Tappan Morris. Mwaka 1988 alikuwa na miaka 22, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa doktora kwenye Cornell, jimbo la New York. Usiku wa tarehe 2 Novemba aliachilia programu ndogo inayoruka yenyewe toka mashine moja kwenda ingine. Aliipitishia kwenye ordinatere ya MIT, chuo kingine kabisa, juu watu wasijue imetoka wapi. Programu haikufuta fichie hata moja. Shida ilikuwa hesabu. Kabla ya kujiweka, iliuliza mashine kama kuna nakala ingine ndani. Morris aliogopa mafundi watafundisha mashine zao kujibu “ndiyo” kwa uongo, basi akaiamuru: hata ukijibiwa ndiyo, mara 1 kwa 7 ingia tu. Mara 1 kwa 7 ikawa nyingi mno. Nakala zikarundikana, mashine zikaelemewa, vyuo vikakata rezo zao kwa woga. Rafiki mmoja wa Harvard alituma ujumbe wa kueleza namna ya kuizuia, lakini rezo ilikuwa imeshikwa na ujumbe ukachelewa. Intaneti yote ilikuwa na mashine kama 60,000. Wanasema 6,000 ziliambukizwa, lakini ile ilikuwa makadirio tu.

Sasa hapa njo penye mimi ninapenda. Cornell iliunda tume ya uchunguzi. Idara ya ordinatere ilikuwa na masharti ya maandishi: usipekue fichie za wengine, usifumbue maneno ya siri, usijipe haki zenye haukupewa. Tume iliona Morris amevunja yote matatu. Kiisha ikasema kwamba yaonekana alipewa nakala ya masharti, lakini haijulikani kama aliisoma. Na siku walipoyaeleza wanafunzi wapya, labda hakuwa ndani ya oditware. Unajiona humo, sivyo?

Cornell ikamsimamisha masomo. Mwezi wa Januari 1989 kamati iliyosimamia Intaneti ikatoa andiko fupi sana, RFC 1087, linalosema kutumia Intaneti ni upendeleo, si haki, na kuhesabu matendo yasiyokubalika: kuingia bila ruhusa, kuharibu kazi ya rezo, kupoteza nguvu za mashine na za watu bure, kuvunja siri za wengine. Ukisoma karatasi za vyuo vingi leo, utakuta maneno yale yale, yamebadilishwa nguo tu.

Lakini Leta nayo ilikuwa na sheria yake ya mwaka 1986 juu ya makosa ya ordinatere, na Morris akawa wa kwanza kuhukumiwa na jopo la raia kwa sheria ile, Januari 1990. Adhabu: miaka 3 ya uangalizi bila gereza, saa 400 za kazi ya jamii, na dola 10,050. Aliumia, ndiyo, ila maisha yaliendelea. Alimaliza doktora Harvard, mwaka 2005 akawa kati ya waanzilishi wa Y Combinator, na MIT, ile MIT aliyoipitishia programu yake, ikamfanya profesa.

Aaron Swartz alizaliwa tarehe 8 Novemba 1986, siku na mwezi sawasawa na Morris, aliyezaliwa 1965. Tena alikuwa kwenye kundi la kwanza la vijana waliosaidiwa na Y Combinator. Mwisho wa 2010 alikuwa mtafiti Harvard, lakini alichomeka laptopu yake kwenye rezo ya MIT na kuanza kushusha makala za elimu za JSTOR, mamilioni. MIT ilikuwa mlango wazi: hata mgeni aliweza kujiunganisha na kusoma JSTOR. JSTOR ilipomfunga, alibadilisha anwani ya mashine, na mwisho akaficha laptopu ndani ya kachumba ka waya. Sitasema hakukosa. Mtu mwenye ruhusa kamili hafichi laptopu. Polisi walimkamata tarehe 6 Januari 2011.

JSTOR ilirudishiwa nakala zake, ikasema kwa upande wake mambo yamekwisha. Waendesha mashtaka wa Leta hawakuacha. Mashtaka 4 ya 2011 yakawa 13 mwaka 2012, na walipotangaza kesi walisema anaweza kufungwa mupaka miaka 35. Tarehe 11 Januari 2013 Swartz alijiua, akiwa na miaka 26.

MIT ilichunguza mwenendo wake, chini ya profesa Hal Abelson. Kesi yote ilisimama juu ya neno “ruhusa”. Ripoti ikaona kwamba hakuna upande uliouliza MIT kama kijana alikuwa na ruhusa kwenye rezo yake, na MIT yenyewe haikujiuliza. Ilibaki katikati. Cornell mwaka 1989 ilikuwa imefungua karatasi yake na kusoma mstari kwa mstari.

Juu ya nini ninaleta haya kwetu? Tangu tarehe 13 Machi 2023 Kongo iko na Code du numérique, na kuingia ndani ya mashine ya mtu bila ruhusa kunaweza kukupeleka mbele ya tuzi. Mwaka wa memware yangu, sisi watano tulitumia neno la siri la asistanti mmoja juu ya kupata koneksio. Alitupa mwenyewe. Je, ile ilikuwa ruhusa? Kwenye mlango wa sale kulikuwa karatasi moja: “Marufuku.” Haikusema ni nini, wala nani anaamua.

JSTOR, siku mbili mbele ya kifo cha Swartz, ilikuwa imetangaza kwamba mtu yeyote anaweza kujiandikisha na kusoma makala 3 kila wiki 2, bure.